Scholastika wa Pili

Kengele ikalia tena.

Ilikuwa kengele ndogo ya kukera, mfano wa kengele ya baiskeli, na ilitoka tumboni mwa mashine iliyokuwa mbele ya Skola. Kama wiki iliyopita gazeti lilikwisha kabla hujafika kibandani, usihuzunike, jua hili tu: Scholastika Leodegar Ndunguru, karani wa Ofisi ya Kadi, alikuwa amewaandikisha wafanyakazi elfu nne wa Dar es Salaam kwa vidole vyake mwenyewe. Alhamisi ile, fomu za watu zilipokwisha mezani, akaona naye sasa ajiandikishe. Akaingiza fomu yake. Mashine ikamkataa.

IMEKWISHA ANDIKISHWA, kioo kilisema kwa herufi za kijani.

"Ndugu Skola!" Nassibu, karani wa meza ya jirani, aliangua kicheko. "Umeshajiandikisha ukasahau? Au unataka kadi mbili, moja yako, moja ya shemeji?"

"Sijajiandikisha mimi. Niliwamaliza watu kwanza."

"Basi umekosea namba."

Akosee namba ile? Ilikuwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, mwaka wa sabini na moja. Mtu aliyefeli mtihani huenda akasahau maswali, huenda akasahau hata rangi ya dawati, lakini namba haimtoki. Skola alifuta, akaandika upya, tarakimu moja moja, kama anayetia uzi kwenye sindano.

Kengele ikalia mara ya tatu.

Hapo jasho lilimtoka, na chumba kile ndicho pekee katika jengo zima kilichokuwa na mashine ya ubaridi. Mwaka ule wa themanini na tatu msako wa Nguvukazi ulikuwa umepamba moto. Asiye na kadi ya kazi alipakiwa kwenye lori, akaamkia shambani. Kadi ilikuwa roho.

Na kengele ile, msomaji, ni Skola aliyeiomba.

Miezi miwili nyuma alimkamata mtu wa Ilala aliyejiandikisha na Magomeni vilevile, kadi ya pili akampa mdogo wake asiye na kazi. Skola akamwendea mkuu wa chumba. "Ndugu Sadalla, kompyuta ina kumbukumbu kuliko sisi sote. Kwa nini tunaiacha imeze kila kitu? Kitu kikija mara ya pili ikikatae palepale, kabla kadi haijachapwa."

"Itamjuaje mtu? Kwa jina? Akina Mwajuma Saidi wako mia Kariakoo pekee."

"Si kwa jina. Kwa namba ya mtihani wa mwisho wa shule aliofanya, awe alifaulu awe alifeli. Namba ile hawapewi watu wawili."

Sadalla alimpa mkono mbele ya makarani wote. Fundi akaitwa, akaifundisha mashine kukagua kila fomu na kukataa namba iliyokwisha kuingia. Tangu hapo walikuwa wamenaswa wadanganyifu hamsini na tatu. Skola alipigiwa makofi.

Leo alikuwa wa hamsini na nne.

"Nani anachezea kengele?" Sadalla alikuwa amekwisha simama nyuma yake, mrefu, mwembamba, ndani ya kaunda suti ya kijivu.

"Si mchezo, mkuu. Namba yangu ina mtu."

Sadalla aliinama, akabonyeza kitufe cha kuiita fomu ya kwanza. Kioo kikafumba, kikafumbua. Wote watatu wakasoma.

Jina: Scholastika Leodegar Ndunguru. Amezaliwa 1953, Mbinga. Mtihani: kidato cha nne, 1971. Amefaulu, daraja la pili. Kazi: mwalimu wa sekondari. Ameandikishwa Jumanne, dirisha la Mnazi Mmoja.

Skola hakulishangaa jina. Alilishangaa neno moja tu, akalisoma mara tatu.

Amefaulu.

"Lakini mimi nilifeli," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Hilo ndilo balaa lenyewe," Sadalla alijibu. "Namba hii ni ya mtu aliyefaulu. Wewe unakiri ulifeli. Umeipata wapi?"

"Ni yangu! Nimeifanyia mtihani siku tisa!"

"Mwenzako ameonyesha cheti. Wewe una nini?"

Aliyefeli hapewi cheti. Kazi hii Skola aliipata kwa kujifunza kupiga taipu.

"Labda mashine imekosea," Nassibu alijaribu kumtetea.

"Mashine haijui nani mkweli. Inajua nani wa kwanza." Sadalla alinyoosha mkono. "Kadi yako ya muda, Ndugu Skola. Sheria hii uliitaka mwenyewe, na wale hamsini na tatu hatukumbakiza hata mmoja."

Skola akaitoa.

"Kesho saa nane, nikitoka msikitini, mtakutana hapa ninyi wawili. Wito wa huyo mwalimu unaondoka sasa hivi. Kila mmoja aje na mtu wa ukoo wake anayemjua tangu utotoni. Nitakayemwona ni mwongo, jalada lake nampelekea polisi."

Nassibu hakucheka tena.

*

Skola alitoka akashika Mtaa wa Msimbazi, akili yote ikiwa juu ya neno lile. Amefaulu. Nani amefaulu? Hakuwaona mgambo mpaka rungu lilipomzuia kifuani.

"Kadi, dada."

"Nimeiacha ofisini."

"Wote mnaziacha ofisini. Panda."

Lori lilikuwa pale, limeegeshwa kando ya soko, na ndani yake tayari walikaa wanawake sita na fundi viatu mmoja akiwa na kiatu cha mteja mkononi. Skola alikanyaga chuma cha kupandia. Mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Wewe Skola! Nazi nilizokutuma ziko wapi?"

Alikuwa Bi Sitara, mwenye hoteli ya Mtaa wa Mkunguni, ambako Skola hunywa chai kila asubuhi. Alikuja mbiombio, upande wa khanga ukiburuta, akamvuta Skola mkono kama anayemvuta mtoto mtundu. "Watu wamekaa wanangoja wali, yeye anatalii malori! Afande, huyu mpishi wangu. Mkiwapeleka wapishi wote shamba, nyie mtakula wapi?"

Mgambo yule alikuwa akila kwa Bi Sitara, tena kwa mkopo. Akatazama pembeni.

Walipokata kona, Bi Sitara akamwachia. "Kadi yako iko wapi, mwanangu?"

"Wamenipokonya."

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema mimi si mimi."

Bi Sitara alimkazia macho, akitafuta utani, asiuone. "Nenda kwa mzee wako. Aliyekulea ndiye anayekujua. Mtu mwenye wazee hapotei."

Maneno yale yalimwingia Skola kama maji ya baridi. Kweli! Anahangaika nini wakati baba mdogo Tarsis yupo?

*

Tarsis Ndunguru alikuwa na cherehani barazani, Mtaa wa Sikukuu. Mwaka ule vitambaa vilikuwa adimu kuliko dawa, kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza suruali: anaifumua iliyochakaa, upande wa ndani anauleta nje, anaishona upya, na mwenyewe anavaa kama ametoka dukani leo. Watu walimheshimu. Jumapili alisoma somo kanisani.

Kwa Skola alikuwa zaidi ya hapo. Leodegar, baba yake Skola, alikufa mapema mwaka wa sabini na mbili, wiki zile zile matokeo ya mtihani yalipotoka. Tarsis ndiye aliyesafiri mpaka shuleni kuyachukua, ya Skola na ya Candida, binti yake mwenyewe, maana mabinti wale walisoma darasa moja. Ndiye aliyerudi akamkalisha Skola kitako, akamwambia, "Mwanangu, jikaze. Candida amepita. Wewe umefeli." Ndiye aliyelia kabla yake. Ndiye aliyemchukua kutoka Mbinga, akamweka nyumbani kwake Magomeni, akamlipia masomo ya taipu. Candida akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa Bukoba, na tangu hapo alionekana nyumbani mara mbili tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi?"

Skola akamweleza yote, kengele, fomu, mwalimu. Cherehani ilisimama. Tarsis aliutazama mshono uliokuwa chini ya sindano kama mtu anayesoma barua.

"Mwalimu huyo wamemwona kwa macho?" aliuliza.

"Bado. Kesho saa nane. Baba, wanataka shahidi wa ukoo. Mama yuko Mbinga, na mabasi yenyewe hayana mafuta. Sina mwingine ila wewe. Na ile kadi yangu ya ubatizo imo kwenye sanduku lako."

"Imo."

"Utakuja nayo?"

Mzee akaondoa miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Nitakuja. Na mama yako mdogo atakuja. Mbele ya hao wakubwa nitasema nani ni nani."

Skola akapiga magoti palepale barazani, katikati ya wapita njia, akamshika mikono. Mikono ile ilikuwa baridi. Akadhani ni uzee.

Jioni, Magomeni, mama mdogo Severa hakugusa chakula. Alimwita Skola uani, akamkalisha kwenye mkeka, akamfumua nywele na kumsuka upya, mistari sita iliyonyooka. Mara tone la moto likamdondokea Skola shingoni. Kisha la pili.

"Mama, unalia?"

"Moshi," Severa alisema.

Jiko lilikuwa limezimwa zamani.

*

Ijumaa saa nane kasorobo Skola alikuwa ofisini, ameketi kwenye benchi ambalo kwa miezi miwili aliwakalisha wengine. Saa nane kamili mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mrefu, gauni la kitenge, mkoba wa ngozi, viatu vya visigino.

Skola aliruka kwa furaha. "Candida! Jamani, umefika lini Dar? Nani amekwambia nina matatizo?"

Alimkumbatia binamu yake kwa nguvu zote. Ilikuwa kama kukumbatia nguzo ya umeme. Candida hakuinua mkono.

"Mwalimu Ndunguru," Sadalla aliita kutoka mezani kwake, "karibu ukae. Wito wetu ulikufikia vizuri?"

"Ulinifikia," Candida alijibu.

Msomaji, kuna maumivu yasiyoanza kwa kuuma. Mtu anakatwa na wembe, anautazama mkono, anaona nyama nyeupe, na damu bado haijajua njia. Skola alimtazama Candida. Akautazama mlango, na hapo ndipo Tarsis na Severa walipoingia. Tarsis alivaa koti lake la kanisani. Hakumtazama Skola. Alipita, akaenda kuketi upande wa Candida.

"Mzee, jina?" Sadalla alishika kalamu.

"Tarsis Ndunguru, fundi cherehani."

"Nani kati ya hawa ni Scholastika, binti Leodegar?"

Tarsis alikohoa. Akainua kidole, na kidole kile kilichomwelekeza Skola maisha, kilichomfundisha kutia uzi na kushika mkasi, kikamwelekea Candida.

"Huyu. Binti wa marehemu kaka yangu."

"Na huyu karani wetu?"

"Huyu ni mwanangu. Candida. Wa kunizaa."

"Baba!" Skola alipiga ukelele.

"Mnamsikia," Tarsis alisema taratibu, kwa huzuni ya kweli kabisa. "Mwenyewe ananiita baba. Alifeli mtihani, akaona aibu mbele za watu, akajichukulia jina la ndugu yake aliyefaulu. Ni kosa langu. Nilimhurumia, nikamwacha alitumie."

"Ndugu Skola," Sadalla aliuliza, "ni kweli unamwita baba?"

"Namwita baba kwa kuwa ni baba mdogo! Nani asiyejua hilo?"

"Unaishi nyumbani kwake?"

"Naishi."

"Amekulipia masomo?"

"Alinilipia."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa tofali kwenye ukuta wa kumfungia. Candida akafungua mkoba wake, akaweka mezani cheti cha kidato cha nne. Juu ya cheti akaweka karatasi ndogo ya rangi ya udongo. Kadi ya ubatizo, yenye muhuri wa misheni.

"Hiyo ilikuwa sandukuni jana," Skola alisema. "Baba, jana nilikuuliza, ukasema imo."

Nassibu, mezani kwake, aliacha kuandika, na makarani wengine wakaacha pia. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

"Dakika moja, mkuu," Tarsis aliomba. "Niseme na mwanangu."

Alimsogelea Skola benchini, akainama mpaka harufu ya tumbaku yake ikamjia, harufu aliyoizoea tangu yuko msichana. "Kubali," alinong'ona. "Nimekwisha kulifikiria. Sema wewe ni Candida. Utaomba msamaha, watakupa kadi kwa jina hilo, utabaki na kazi yako, utabaki nyumbani kwangu. Ukikataa, mwenzako anakwenda jela, na ana watoto watatu. Jina ni kitu gani, mwanangu?"

Miaka kumi na moja alikuwa amelithamini neno hilo, mwanangu. Alilifulia, alilipikia, alilipelekea mshahara wake nyumbani kila mwezi. Leo alilikataa.

"Kama jina si kitu," alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "mbona mliliiba?"

Tarsis alirudi kwenye kiti chake.

Sadalla alikuwa mtu wa sheria, lakini hakuwa mjinga. Alizungusha kalamu vidoleni, akamtazama mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, mtandio umefunika paji.

"Mama. Baba wa watoto anaweza kukosea. Mama hakosei. Wewe ndiye mke wa mzee huyu?"

"Ndimi, mwanangu." Severa hakuinua macho.

"Simama basi. Nenda ukamshike mkono yule uliyemzaa."

Tarsis aligeuza shingo, akamtolea mkewe macho. Severa alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na siku ile alionekana mfupi zaidi. Alipita mbele ya Candida. Hatua zikapungua, karibu zisimame, kisha zikaendelea. Akafika kwa Skola, akamwekea kiganja kichwani, juu ya ile mistari sita aliyoisuka jana.

"Huyu," alisema.

Skola alifumba macho. Hata huyu! Hata mama! Ilikuwa imekwisha. Alisikia Sadalla akiandika, kalamu ikikwaruza karatasi.

Lakini Severa hakuwa amemaliza.

"Huyu ndiye mwanangu. Nilipougua ini, huyu ndiye aliyenilisha kwa kijiko. Huyu ndiye anayejua nikikohoa usiku ni kifua au ni mawazo. Yule mwenye mkoba…" Aligeuka, akamtazama Candida toka kichwani mpaka viatuni. "Yule simjui. Mwanangu hawezi kuhamia mji ninaokaa, ikapita miezi minne, asije kunijulia hali. Nimesikia habari zake kwa watu. Simjui. Sijamzaa."

"Mama!"

Candida alikuwa amesimama. Mkoba ulianguka, vitu vikatawanyika sakafuni, chaki, kitana, picha ya watoto.

"Mama, unanikana? Unanikana mbele ya watu, mimi uliyenibeba tumboni? Ni baba aliyenikataza kuja! Alisema nikija Magomeni Skola atajua! Mama, nitazame! Mimi Candida wako!"

Tarsis alinyoosha mkono kumziba mdomo. Alichelewa. Neno likishatoka halina kamba ya kulirudishia.

Severa alibaki na kiganja chake juu ya kichwa cha Skola, na machozi yalimtiririka sasa waziwazi, wala hakusingizia moshi.

"Mwalimu," Sadalla alisema polepole, "umesema wewe ni nani?"

Candida aliketi chini, sakafuni, katikati ya chaki zake, akafunika uso.

"Nassibu, funga mlango," Sadalla aliamuru. "Kisha iite ile fomu ya Jumanne. Weka alama. Mtu wa kwanza kuandikishwa si mwenye namba." Akamgeukia Skola, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamwita kwa jina kamili. "Ndugu Scholastika, samahani. Ulifaulu. Daraja la pili."

Skola alitaka kucheka, alitaka kupiga vigelegele. Kilichotoka ni kwikwi. Daraja la pili! Miaka kumi na moja amekuwa akijiona mjinga. Miaka kumi na moja amekuwa akiinamisha kichwa kila Candida anapotajwa mezani. Akamwendea Tarsis, akasimama mbele yake.

"Nilikupigia magoti jana. Barazani, mbele ya watu. Ukaniacha nipige."

"Skola…"

"Ulilia kabla yangu siku ile. Yale machozi uliyatoa wapi? Baba yangu hajapoa kaburini, wewe unamwibia mwanawe!"

Hapo Tarsis alibadilika. Unyenyekevu ulimtoka usoni kama rangi kwenye kitambaa kibaya.

"Sikumwibia mtu mwanawe," alisema. "Mengine yote nitavumilia, lakini si hilo. Wito ulipomfikia Candida, nilijua siku hii huenda ikaisha hivi. Nimekuja nimejiandaa."

"Kaa chini, mzee," Sadalla alionya.

"Nitakaa nikimaliza." Akatia mkono ndani ya koti la kanisani, kwenye mfuko wa kifuani, akatoa bahasha iliyogeuka njano, kingo zimelika. "Cheti kile sikukichukua kwa akili yangu. Leodegar alinituma. Aliniandikia siku tatu kabla hajafa, akaniambia nani apewe na kwa nini. Nimekuficha hii, Skola, si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako. Mama yako kule Mbinga anajua."

"Usimpe!" Severa alipiga kelele. "Tarsis, uliapa! Uliapa kwa msalaba!"

Skola alikuwa amekwisha kuichukua. Alikunjua karatasi. Mwandiko ule aliufahamu kabla ya kusoma neno lolote: herufi zilizolala upande, wino wa buluu, ule ule uliosaini ripoti zake zote za shule. Mkono wa baba yake.

Akasoma mstari wa kwanza, na jina alilolipigania tangu jana, lote, mpaka la ukoo, likamwagika mikononi mwake.

"Mdogo wangu Tarsis, ninakufa, kwa hiyo nisikilize. Scholastika si mtoto wangu, na yule aliyemzaa ameanza kumtafuta."